Nusu Alama

Darasa letu lilikuwa juu ya duka la miavuli, Kottayam,
ngazi ya nyuma, mlango wa kijani usiofungika.
Saa moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi,
wauguzi kumi na wanne, wengine bado na sare,
tunanuka spiriti na samaki wa kukaanga wa kantini.

Kuriakose Saar alikuwa karani wa benki miaka thelathini.
Makosa yetu aliyahesabu kama noti:
analowesha kidole, anarudia, anafunga mpira.
"Rejimon, umesema mgonjwa *yuko katika kujua* jina lake.
Kujua si kupanda ngazi.
Mtu hakutwi katikati ya kujua.
Ama anajua, ama hajui. Kaa."

Akapiga mstari ubaoni.
Kushoto, vitenzi vya mikono na miguu:
kukimbia, kufua, kudunga sindano, kumenya fenesi.
Hivi vivisheni mkia, vitembee nao.
Kulia,
kujua, kuamini, kumiliki, kuchukia, kupenda.
"Hivi vimeketi. Msiviinue."

Kisha vivumishi, na hapo tulicheka
mpaka mwenye duka akagonga dari kwa mwavuli.
Bincymol alitaka kumwambia mtahini
kwamba zamu za usiku zimemchosha;
alichosema ni kwamba yeye mwenyewe ni mchoshi.
Jisha alitaka kusema anavutiwa na kazi ya kutunza wazee,
akajitangaza kuwa anavutia.
"Mkia huu unakufanya jeraha," alisema Saar,
"na huu unakufanya kisu. Chagueni kabla ya kufungua mdomo."
Shiny, ambaye jina lake lenyewe ni kivumishi,
*mwenye kung'aa*, alivyobatizwa,
hakucheka. Alikuwa ananakili.

Nami nilinakili. Pembeni mwa daftari
niliandika dozi za Amma:
asubuhi mbili, usiku moja, baada ya chakula.
Mwezi wa sita aliacha kumeza.
Nikamngoja Saar afute ubao, nikamuuliza
kitenzi *kufa* kinakaa upande gani.
Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.
"Kinatembea," alisema. "Hicho kinaruhusiwa mkia."

Kwa hiyo Kiingereza kinakubali Amma awe katika kufa
na hakikubali mimi niwe katika kumpenda.
Nilishuka ngazi. Mvua kubwa.
Duka limefungwa, miavuli yote iko ndani.

Mtihani ulikuwa Kochi, chumba chenye kiyoyozi,
mwezi mmoja na siku mbili baada ya mazishi.
Mtahini alivaa saa kubwa ya kiume, labda ya mumewe.
Akasema: nieleze mtu unayemstahi, una dakika mbili.
Sheria niliijua. Hata sasa naijua.
Nikasema, *I am loving my mother*,
na kalamu yake ikashuka kwenye karatasi.
Ningeweza kurekebisha, hilo linaruhusiwa,
Saar alitufundisha: kohoa, omba radhi, anza upya.
Nikaendelea vilevile. Yuko katika kupenda kahawa nyeusi,
yuko katika kuchukia kuku wa jirani,
yuko katika kuamini kwamba nitapita.

Sita na nusu. Saba ndiyo inayovusha.
Saar aliishika karatasi, akalowesha kidole,
akaigeuza, kana kwamba ile nusu imejificha nyuma.
Hakuuliza kitu. Alinipa kiti cha mbele.

Ada ya kurudia ni mshahara wa mwezi na siku tisa,
nalipa kidogo kidogo.
Darasani sasa nafua, nadunga, namenya,
mikia yote mahali pake; Bincymol ananakili kwangu.
Saa tisa usiku, wodi namba nne,
nikiwa peke yangu na tochi na chati za joto,
nakitoa kile kitenzi kimoja upande wa kulia,
nakivisha mkia wake,
nakizungusha kitanda hadi kitanda.